CHETI CHA FUNDI WA KOMPYUTA: KILIKOTOKA, KILIPO, NA KAMA KINATUFAA



Katika toleo hili la kumbukumbu wenzetu wameandika habari za safari zetu, za shule, za makanisa na misikiti, na za visima. Sisi tumepewa jukumu la kuandika habari za karatasi moja tu. Karatasi hiyo ni A+, yaani cheti cha mwanzo cha fundi wa kompyuta. Vijana wengi wa Dzaleka wanakitaja, na wazazi wengi wanaombwa wakilipie bila kuelezwa kilitoka wapi na kinamfikisha mtu wapi. Mzazi anayefikiria kuuza mbuzi au cherehani ili mwanawe afanye mtihani anastahili kupewa maelezo kabla ya kuuza, si baada ya kuuza.

Tumeona njia nzuri ya kulijibu swali hili ni kueleza historia ya cheti chenyewe. Anayejua kitu kilizaliwa kwa haja gani hapati shida kutambua kama haja hiyo ni yake.

KILIVYOZALIWA

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo ya mezani, bei yake ikianzia dola 1,565. Kabla ya hapo mashine ambazo IBM ilijulikana nazo zilikuwa kubwa, zikikaa katika ofisi za serikali, mabenki na makampuni, na aliyekuja kuzitengeneza alitumwa na kampuni yenyewe. Mteja hakuwa na sababu ya kuuliza fundi huyu ni nani na amesoma wapi.

Kompyuta hii ndogo ilikuwa na tabia nyingine. IBM iliiunda kwa vipande vilivyonunuliwa kwa wengine: prosesa ilitoka Intel na mfumo endeshi ulitoka Microsoft. Kwa kuwa vipande hivyo vilipatikana sokoni, haukupita muda mrefu makampuni mengine, Compaq likiwa mojawapo, yakaanza kuuza kompyuta zilizofanana na ile ya IBM. Maduka yakaongezeka, na kila duka likawa na fundi wake.

Hapo ndipo tatizo lilipozuka. Mashine moja ilikuwa na vipande vya makampuni matano au sita. Ikizimika, kila kampuni lingeweza kusema kosa si lake. Naye mteja, ambaye hajui kilichomo ndani ya lile sanduku, hakuwa na namna ya kumpambanua fundi wa kweli na mtu mwenye bisibisi na maneno matamu.

Mwaka 1982 wauzaji waliungana na kuanzisha umoja ulioitwa Association of Better Computer Dealers, maana yake chama cha wauzaji bora wa kompyuta. Mwaka 1990 kilibadili jina kikawa Computing Technology Industry Association, kwa kifupi CompTIA. Na mwaka 1993 kikaanzisha mtihani wa A+. Mtihani huo haukuwa wa kampuni moja, bali ulihusu ufundi wa kompyuta kwa jumla. Shabaha yake ilikuwa kumwezesha mwenye duka katika mji mmoja kumwajiri fundi aliyetoka mji mwingine, ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi wala hana jirani wa kumuuliza habari zake.

Tunaomba msomaji ashike jambo hilo moja: cheti hiki kilizaliwa ili watu wasiofahamiana waweze kuaminiana.

MIAKA ILE ILE, SISI HUKU

Mwaka 1994, yaani mwaka mmoja tu baada ya A+ kuanza, kambi yetu ya Dzaleka ilifunguliwa katika wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Waliokuja walitoka Rwanda, Burundi na Kongo, na baadaye kutoka nchi nyingine pia. Miongoni mwao walikuwamo walimu, wauguzi, wahasibu na mafundi. Lakini diploma za wengi zilikuwa zimeungua, zimepotea njiani, au zimebaki katika sanduku ndani ya nyumba ambayo mwenyewe hatairudia.

Basi hapa watu walitambuana kwa njia nyingine. Mwalimu alikuwa mwalimu kwa sababu mtu wa kwao alisema, “Huyu ndiye aliyetufundisha.” Fundi wa redio alikuwa fundi kwa sababu redio ya jirani ilinyamaza, akaishika, ikasema tena. Habari zikaenea nyumba kwa nyumba hadi sokoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata leo anayepeleka simu au laptopu kwa fundi katika kambi hii haulizi cheti. Anauliza nani aliwahi kutengenezewa hapo na kama kifaa chake bado kinafanya kazi.

Kompyuta zilituingilia kidogo kidogo. Mwaka 2010 mpango wa elimu ya juu wa Wajesuiti, ambao sasa unaitwa Jesuit Worldwide Learning, ulianza hapa Dzaleka na kule Kakuma nchini Kenya. Wanafunzi walisoma kwa njia ya mtandao, na diploma ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Hapo watu wetu waliona kwa macho yao kwamba karatasi ya mbali inaweza kumfikia mkimbizi palepale alipo. Hatushangai kwamba baada ya hapo vijana walianza kutafuta karatasi nyingine.

Hivyo kuna njia mbili za kuaminika: njia ya macho na njia ya karatasi. Njia ya macho haina ada, lakini inaishia pale macho ya majirani yanapoishia. Njia ya karatasi inafika mbali, lakini ina gharama, na kama tutakavyoona, ina saa inayohesabu.

KARATASI ILIYOTIWA SAA

Kwa miaka mingi A+ ilikuwa cheti cha maisha. Aliyefaulu mwaka 1995 kwa kujibu maswali ya disketi na mfumo wa DOS alibaki na cheti chake hata baada ya disketi kutoweka.

Thamani yake ilipanda zaidi mwaka 2005, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipotoa mwongozo ulioorodhesha vyeti vinavyotakiwa kwa wanaohudumia mitambo yake ya kompyuta, na A+ ikawamo katika daraja la chini. Kadiri karatasi ilivyozidi kutegemewa, ndivyo watu walivyozidi kuuliza kama inasema kweli juu ya ujuzi wa leo. Mwaka 2010 CompTIA ilitangaza kwamba vyeti vyake vikuu vya mwanzo vitakuwa na mwisho, hata kwa wale waliokwisha kuvipata. Wenye vyeti wakapiga kelele, na chama kikarudi nyuma nusu ya njia: waliofaulu kabla ya tarehe 1 Januari 2011 wabaki na cheti cha maisha, wa kuanzia siku hiyo cheti chao kidumu miaka 3.

Hivi sasa anayetaka kukihuisha hukusanya pointi 20 za masomo na kazi katika miaka hiyo 3 na kulipa ada, ama hufaulu mtihani wa juu zaidi. Asipofanya hivyo cheti hufa.

Mtihani wenyewe pia hubadilika kila baada ya miaka mitatu hivi. Toleo la 220-1101 na 220-1102 la mwaka 2022 lilifungwa Septemba 2025. Lililopo, 220-1201 na 220-1202, lilianza Machi 2025. Hata mwenye mali alibadilika: mapema mwaka 2025 jina la CompTIA na biashara ya mitihani viliingia mikononi mwa makampuni ya uwekezaji ya Thoma Bravo na H.I.G. Capital, na chama cha asili kikaendelea kwa jina jingine. Karatasi iliyoanzishwa na umoja wa wenye maduka leo ni bidhaa ya kampuni, nayo inauzwa kama bidhaa.

MTIHANI ULIVYO LEO

Mitihani ni miwili, na lazima yote miwili iwe ya toleo moja. Kufaulu mmoja tu hakumpi mtu cheti. Kila mtihani una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90. Mengi ni ya kuchagua jibu, mengine yanamtaka mtahiniwa atende jambo kwenye kioo cha kompyuta. Alama za kufaulu ni 675 kwa mtihani wa kwanza na 700 kwa wa pili, katika kipimo cha 100 hadi 900.

Mtihani wa kwanza unahusu vifaa: kompyuta, laptopu, simu, printa, mtandao na huduma za wingu. Sehemu yake kubwa kuliko zote, asilimia 28, ni kutafuta chanzo cha hitilafu. Mtihani wa pili unahusu mifumo endeshi, usalama, hitilafu za programu na taratibu za kazi. Mifumo endeshi ina asilimia 28 na usalama asilimia 28.

Hakuna sharti la shule wala umri mkubwa wa kazi, ingawa wenye mtihani wanashauri mtu awe na uzoefu wa miezi 12 hivi. Mwaka 2025 kila mtihani uliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 250, maana yake zaidi ya dola 500 kwa yote miwili. Bei hutofautiana baina ya nchi na nchi. Anayeshindwa hulipa upya. Mtihani hufanywa kwa Kiingereza na lugha nyingine chache, na Kiswahili hakimo.

Tangu mwaka 2020 unaweza kufanywa ukiwa nyumbani, lakini si nyumba kama zetu. Msimamizi humtazama mtahiniwa kwa kamera. Chumba kiwe kitupu na kimya, mtu asiingie, intaneti na umeme visikatike. Tunakumbuka Januari 2022, kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira na Malawi nzima ikakaa gizani kwa zamu. Kwa mwenye mtihani wa dola mia mbili na zaidi, umeme ukikatika katikati ni hasara.

JE, KINATUFAA?

Tuseme wazi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini kwa kuweka masharti, na moja ya masharti hayo linahusu kazi ya mshahara. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee kambini. Basi kijana anayesema, “Nikipata A+ nitaajiriwa Lilongwe,” ajue kwamba kizuizi chake cha kwanza si ukosefu wa cheti. Karatasi ya CompTIA haifungui mlango uliofungwa na sheria.

Wapo wanaokitaka kwa ajili ya safari ya ng'ambo. Ni kweli kwamba Marekani na Kanada waajiri wengi wanakifahamu. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa karibu kusafiri walibaki. Hapa ndipo ile saa ya miaka 3 inapotuumiza kuliko wengine. Fundi wa Chicago akifaulu leo, kesho anaomba kazi. Mkimbizi akifaulu leo, hajui safari yake ni mwaka gani, wala kama ipo. Cheti chake kinazeeka kambini, na huenda kikafa kabla hajakionyesha kwa mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo maoni yetu ni haya: ujuzi tuutafute sasa, na mtihani tuulipie pale tu anapokuwapo mtu mwenye jina na mahali atakayeiomba karatasi hiyo. Ujuzi haukai bure: unatumika kesho asubuhi kwa jirani. Cheti kisicho na wa kukisoma ni sawa na barua isiyo na anwani.

Mtu wa namna hiyo anaweza kuwapo. Anaweza kuwa shirika linalotafuta mfanyakazi wa posho wa kuhudumia kompyuta zake na limeandika wazi kwamba linaitaka A+. Anaweza kuwa chuo kinachompunguzia masomo mwenye cheti hicho. Anaweza kuwa mwajiri wa nchi ambayo tarehe ya safari yake imekwisha kutolewa. Hao wapo, nasi tunawatakia heri wanaojiandaa kwa ajili yao. Tunachokataa ni familia kuuza chakula cha miezi kwa ajili ya mwajiri wa kufikirika.

NAMNA YA KUJIANDAA

Kwanza, mtu apate orodha ya mada za mtihani. Kampuni huitoa bure, na hiyo ndiyo ramani. Masomo ya video ya Professor Messer, ya Kiingereza, yanapatikana bure kwenye intaneti na yanaifuata orodha hiyo mada kwa mada. Mmoja akiyapakua, kikundi kizima kinaweza kuyatazama. Cisco Networking Academy, iliyoanza mwaka 1997, nayo ina masomo ya mwanzo ya vifaa vya kompyuta.

Pili, afungue mashine. Kompyuta iliyokufa ni mwalimu mzuri kuliko kitabu. Tahadhari mbili zisisahaulike: boksi la umeme la kompyuta lisifunguliwe, kwa maana linaweza kubaki na umeme hata likiwa limechomolewa, na betri ya simu au laptopu iliyovimba isitobolewe wala isichajiwe tena.

Tatu, ajifunze hatua sita za kutafuta hitilafu. Tuchukue mfano wa laptopu isiyowaka. Hatua ya kwanza ni kulijua tatizo: muulize mwenyewe ilizimika lini na ilikuwa ikifanya nini. Ya pili ni kukisia chanzo, ukianza na kilicho rahisi: pengine ni chaja. Ya tatu ni kukijaribu kisio hicho: tumia chaja nyingine au pima kwa mita. Ya nne ni kupanga dawa na kuitekeleza. Ya tano ni kuhakikisha mashine yote inafanya kazi na kumweleza mwenyewe namna ya kuzuia tatizo lisirudi. Ya sita ni kuandika. Mafundi wetu wengi wanazifanya tano za kwanza kwa mazoea. Ya sita ndiyo inayotupungukia.

Nne, kwa hiyo, kila fundi awe na daftari: tarehe, kifaa, dalili, chanzo, dawa, na matokeo. Daftari la mwaka mmoja lililoandikwa vizuri linaunganisha njia zile mbili tulizozitaja: ni ushahidi wa macho uliogeuzwa karatasi, nalo halina tarehe ya kufa.

Tano, kabla ya kulipa, athibitishe kitambulisho chake. Jina alilojiandikisha lazima lilingane na la kwenye kitambulisho. Wengi wetu majina yetu yameandikwa kwa namna mbili au tatu katika karatasi tofauti. Aulize kituo cha mtihani kwa maandishi kama kitambulisho cha mkimbizi kinakubaliwa, naye alitunze jibu.

Sita, ajipime kwa maswali ya mazoezi mpaka afaulu mara kadhaa kwa nafasi. Ajihadhari na wanaouza “maswali yenyewe ya mtihani”. Kuyatumia ni kuvunja kanuni, na cheti kinaweza kufutwa. Tena atazame tarehe: toleo jipya kwa desturi huja baada ya miaka mitatu, na anayefanya nusu ya mtihani katika toleo linalofungwa anaweza kupoteza nusu hiyo.

Wale wanaotaka kutambuliwa katika nchi hii waulize pia habari za mfumo wa TEVETA, chombo cha elimu ya ufundi cha Malawi kilichoundwa kwa sheria ya 1999. Karatasi ya nchi unayoishi mara nyingine hufaa kuliko ya nchi unayoiota.

KWA NDUGU ZETU WA MASHIRIKA

Tunawashukuru kwa vyumba vya kompyuta na kwa walimu. Tunaomba mambo matatu. Mnapotangaza kazi, semeni waziwazi kama mnahitaji cheti au mnahitaji ujuzi. Na kama ni ujuzi, mpeni mwombaji mashine mbovu na saa moja, kisha mlitazame daftari lake. Pili, mkipata mfadhili wa mitihani, alipieni wale ambao wamekwisha kufaulu mazoezi na wenye mahali pa kukipeleka cheti, hata kama ni wachache, badala ya kuwaanzisha wengi bila kuwamalizia. Tatu, mtupatie chumba kimoja kimya chenye umeme wa akiba. Chumba hicho kitawafaa watahiniwa wa kila aina, si wa kompyuta peke yao.

Wazee wetu, mama na baba, kijana akija na habari za A+ msimkatishe tamaa, wala msiuze kitu siku hiyo. Mwambieni alete daftari lake. Kisha mwulizeni swali moja: “Mwanangu, nani atakisoma cheti hiki, na lini?” Akiwa na jibu, msaidieni kwa mlicho nacho. Akiwa hana jibu bado, mwacheni aendelee kutengeneza mashine za majirani na kuandika, mpaka jibu lipatikane.